Nina saratani ya tezi dume, mke nimemwambia ni UTI. Mliopita hapa mlilala vipi?

Mzee_wa_Tunduma – Jumanne, saa 9:14 usiku

Wakuu, habari za usiku. Humu hatujuani umri, kwa hiyo wanaostahili shikamoo naitoa, na wanaonidai marahaba wachukue.

Mimi ni msomaji tu, mwaka wa nne huu, sijawahi kuandika. Nina miaka 62. Nimeendesha lori miaka 31, Dar–Tunduma, baadaye mpaka Ndola na Lubumbashi. Mgongo ukanigomea, nikafungua duka la vipuri hapa Makambako. Nina mke na watoto wanne, wakubwa wote, watatu wa kiume.

Mkojo ulianza kunisumbua mwaka juzi. Usiku naamka mara nne, mara tano, nasimama chooni kama mtu anayesubiri basi lililokwisha kupita. Nikasema ni udereva huo, miaka yote ile ya kubana mkojo kutoka Mikumi mpaka Iringa. Na wazee wa mtaani nao wanaamka hivyo hivyo. Baadaye nikapima damu, PSA (kile kipimo cha tezi dume) ikaja 23. Daktari akaingiza kidole (ndiyo, kidole, mcheke tumalize), akasema upande mmoja ni mgumu. Wakachukua vinyama kumi na viwili vya kupima. Nikasubiri wiki tatu.

Majibu nilipewa dirishani, hospitali siitaji. Kijana alikuwa anaongea na simu yake. Akanipa bahasha ya kaki, akaniambia, "Baba, daktari yupo Jumatatu." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nikaifungua mwenyewe stendi. Kiingereza changu ni cha mizani na forodha, lakini lile neno la kasinoma nililijua. Chini yake wameandika Gleason 4+3=7, kumbe ndiyo alama ya ukali wa saratani. Siku nne nikatembea na hesabu hiyo kichwani, sijui saba ni nyingi au kidogo.

Daktari mwenyewe sina ubaya naye, alinieleza. Anataka kwanza picha ya mifupa ndipo apange matibabu. Leo ni siku ya kumi na tisa. Bahasha iko kwenye buti la gari, chini ya jeki. Mke nimemwambia ni UTI.

Siulizi dawa, dawa daktari anazo. Nauliza mliopita hapa: mlilala vipi? Na mlimwambia nani kwanza? Mchana nipo, nauza bolti na beringi, nacheka na wateja. Ikifika saa nane usiku kuna kitu kinanikalia kifuani. Usiku mmoja nimewaza mambo ambayo sitayaandika hapa.

KijanaWaMbagala – saa 11:40 alfajiri

Mzee shikamoo. Pole. Ila hapo kwenye kidole umenitoa usingizini 😂😂 Alitumia mkono gani, tujue wa kukwepa kusalimiana naye?

Mjomba_Tanga – saa 12:05 asubuhi

@KijanaWaMbagala wewe una akili timamu? Mtu anakuambia ana saratani, wewe unauliza mkono. Ndiyo maana wanaume wanakufa kimya kimya nchi hii. Mtu anaogopa kicheko kuliko ugonjwa. Na siku hizi kipimo cha damu kipo, kidole si lazima kiwe cha kwanza.

Mzee pole sana. Mandela aligundulika na saratani hii hii mwaka 2001, ana miaka 83, akapigwa mionzi. Alifariki 2013 akiwa na 95. Askofu Tutu aligundulika 1997, akafariki mwisho wa 2021 ana miaka 90.

Chuma_Cha_Pua – saa 12:31 asubuhi

Mjomba hiyo mifano nzuri ila hao walikuwa na madaktari wa dunia nzima. Mzee yuko Makambako.

Mjomba_Tanga – saa 12:44 asubuhi

Rais mstaafu wa Marekani, Biden, naye alikuwa na madaktari wa dunia nzima. Mei 2025 wakatangaza ni Gleason 9 na imeshafika mifupani. Sijasema Mzee ni Mandela. Nimesema watu wanaishi nayo.

Tabibu_Mizizi_Halisi – saa 1:10 asubuhi

Mzee usikubali kukatwa wala kuchomwa. Mizizi saba na asali ya nyuki wadogo, siku 40 tezi inanywea kabisa. Njoo PM, siri yako inabaki kwetu. Simu [namba imeondolewa na msimamizi]

BintiWaMwalimu – saa 1:52 asubuhi

Hiyo "siri yako inabaki kwetu" ndiyo bidhaa yenyewe. Baba yangu alikunywa chupa hizo miezi minane. PSA ilianza 11, tulipomfikisha hospitali ilikuwa zaidi ya 140. Baba ni mwalimu wa sayansi, hakuwa mjinga. Ile chupa ilimpa kitu ambacho hospitali haikuweza kumpa: kupona bila mtu yeyote kujua kwamba aliumwa. Mizizi nimeshaisamehe, ila hilo bado halijanitoka.

Miaka_Saba_Sasa – saa 3:20 asubuhi

Mzee mwenzangu, karibu kwenye chama ambacho hakuna aliyeomba fomu. Mimi nina 68, nilikuwa mpima ardhi, niko Dar. Niligundulika miaka saba iliyopita, PSA 31, Gleason 8. Nilipigwa mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road na sindano za homoni miaka miwili. Nitakujibu maswali yako yote mawili, nivumilie, ni marefu.

Kulala. Sikulala. Mwezi wa kwanza nilikuwa nahesabu mabati. Kilichonisaidia ni kuacha kulazimisha. Ikifika saa nane nikiwa macho, naamka kabisa, nakwenda sebuleni, nawasha redio sauti ya chini na kufungua daftari. Kila wazo lililonikalia naligeuza swali la daktari. "Je nitakufa?" nikaliandika hivi: "Daktari, kwa hali yangu, wenzangu wanaishi muda gani?" Siku ya kliniki nilikuwa na maswali 26. Daktari alicheka, lakini alijibu yote. Hofu ikishakuwa na mkia wa kuulizia, inapungua uzito. Ile inayozunguka chumbani gizani ndiyo inayoua.

Kumwambia nani. Hapa nilikosea, ujifunze kwangu. Nilimwambia mdogo wangu kwanza kwa sababu mke niliona atalia. Mdogo wangu akaweka kwenye kundi la ukoo la WhatsApp na wimbo wa mapambio chini yake. Kufikia jioni shangazi wa Bukoba ananiuliza shamba litasomwa kwa jina la nani. Mke wangu akazipata habari kwa shangazi. Miaka saba sasa, bado tukikorofishana kidogo, hiyo inarudi mezani.

Jambo la tatu hukuliuliza, lakini utakutana nalo ukianzishiwa homoni. Zile sindano zinazima homoni ya kiume, kwa sababu ndiyo chakula cha saratani hii. Utapandwa na joto ghafla kama mama aliyekoma hedhi, utalowa jasho umekaa tu kwenye feni. Na utalia. Mimi nililia Simba walipofungwa, na mimi ni Yanga! Nikadhani nimerukwa na akili. Daktari akaniambia hiyo ni dawa inafanya kazi, si udhaifu wako. Angenionya mapema ningejisitiri machozi yale.

Na jogoo hapandi mtungi, niseme wazi maana hakuna anayesema. Kipindi cha sindano hata hamu inaondoka, kwa hiyo humkosi sana, cha ajabu. Kinachouma ni kuona mke anadhani humtaki. Tulikaa chini tukaongea, nikiwa na miaka 61, mambo ambayo hatukuongea tukiwa na 25. Ulikuwa usiku wa aibu kubwa. Kesho yake tulikula chai kama maharusi, sijui niseme vipi.

Nimalizie na benchi. Kwenye mionzi unaambiwa unywe maji kibofu kijae, ndipo upange foleni. Sasa fikiria wazee kumi na wawili wenye tezi dume, kila mmoja ana chupa ya maji ya lita moja na nusu, upepo wa bahari unavuma dirishani, na hakuna anayeruhusiwa kwenda kukojoa. Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki saba. Siku ya kwanza hakuna aliyemwangalia mwenzake. Wiki ya pili kuna meja mstaafu alianza kupiga kwata amebana miguu. Tulicheka mpaka wawili wakaharibikiwa, wakarudishwa kunywa upya. Nilipona zaidi kwenye lile benchi kuliko kwenye mashine, ingawa mashine ndiyo iliyofanya kazi.

nesi_wa_zamu – saa 5:15 asubuhi

Shikamoo baba. Mimi ni muuguzi, wodi ya mkojo, siwezi kuwa badala ya daktari wako. Machache ya kukupunguzia usiku:

Gleason siku hizi inasomwa kutoka 6 mpaka 10, kwa hiyo saba yako si saba ya kumi ya mtihani. Ni ya kati. 4+3 maana yake sehemu kubwa ya vinyama ina chembe za daraja la 4 na sehemu ndogo ya 3. Ni kali kiasi kuliko 3+4, ndiyo maana wanataka kuona mifupa kabla ya kupanga chochote. Picha ya mifupa haiumi: unachomwa sindano mkononi, unasubiri saa kadhaa, unalala chini ya mashine.

Wanao wa kiume. Mwanaume ambaye baba yake au ndugu yake wa damu amepata saratani hii, hatari yake inakaribia mara mbili ya wengine. Waanze kupima mapema, wakifika 40 au 45, wasisubiri 50. Ukificha, unawaficha na hilo.

La mwisho nakuuliza wazi baba, usinione sina adabu. Yale mambo ya usiku uliyosema hutayaandika, ni kujidhuru? Kama ndiyo, usikae nayo peke yako hata usiku mmoja zaidi. Mwambie daktari wako kwa maneno hayo hayo, hospitali nyingi kubwa zina kitengo cha afya ya akili na si cha vichaa. Tunawapeleka wagonjwa wa saratani huko kila wiki.

Mzee_wa_Tunduma – saa 7:30 mchana

Nimesoma yote, nimekaa nyuma ya duka. Asanteni.

@nesi_wa_zamu umeuliza wazi, najibu wazi. Ndiyo, usiku mmoja. Ufunguo wa gari nilikuwa nao mkononi. Jirani akapiga honi getini kutaka nimsogezee gari, nikarudi ndani. Nitamwambia daktari, nimeshaandika kwenye daftari, ndilo swali la kwanza.

Na jamani mwacheni huyo kijana wa Mbagala. Ni mtu wa kwanza kunichekesha kwa wiki tatu. Kijana, ulikuwa mkono wa kulia.

KijanaWaMbagala – saa 7:33 mchana

Nimeandika mahali, mzee. Natoa ngumi tu kuanzia leo.

Mpemba_Halisi – saa 10:02 jioni

Assalaam alaykum. Mimi nitatofautiana kidogo na nyinyi. Bara mna haraka ya kusemasema. Maradhi yana sitara yake. Si kila ajuaye atakuombea dua, wapo watakaokuja kukutazama umekonda kiasi gani. Baba yangu aliugua tezi, tukajua watu watano, na alipata heshima yake mpaka mwisho. Kwa hivyo mzee usilazimishwe kutangaza.

Lakini mke si watu. Mke ni nguo yako. Nguo utaificha vipi mwili?

Msafiri_254 – saa 2:18 usiku

Salamu kutoka Nakuru. Wazee, mimi yangu ni tofauti kidogo. Nilipatikana nayo 2019, Gleason 6, PSA 7. Daktari akasema hatuigusi, tuangalie tu: damu kila miezi sita, kinyama tena kila baada ya muda. Watu wakisikia hivyo wanasema una bahati. Ni kweli. Lakini hebu ishi na kitu ndani yako umeambiwa usikitoe! Wiki moja kabla ya kupima mimi hushika kila mtu makosa. Mama watoto ameweka alama kwenye kalenda, siku hizo hawanitumi hata dukani. Matokeo yakija sawa, tunachinja kuku. Nimekula kuku kumi na mbili hadi sasa.

Hofu haiishi, mzee. Inapata ratiba tu.

MamaWawili_Moro – saa 4:47 usiku

Kaka yangu, nimesita kuandika tangu asubuhi kwa sababu huku mmejaa wanaume.

Mimi ni wa upande wa pili wa kitanda. Mume wangu alinificha miezi kumi na minne. Alianza kwa kuhamia chumba cha watoto, akasema anakoroma. Nikasema sawa. Kisha akaacha kula nasi akitoka kazini, anakula amechelewa, peke yake. Nikaanza kusikia bomba la uani saa kumi usiku. Mwanaume ambaye hajawahi kufua soksi tangu anioe, anafua gizani. Nikaamini ana mwanamke, anafua asinusike. Nikamnunia karibu mwaka mzima. Kumbe mkojo ulikuwa unamtoka, na hakutaka nione.

Nilijua ukweli mgongo ulipokataa na ndugu zake wakambeba. Bahasha zilikuwa tatu, kazini kwake, kwenye droo aliyokuwa anafunga kwa ufunguo. Alifariki 2021. Sikasiriki kwamba aliumwa. Nilipewa miezi mitano tu ya kuugua naye, na karibu mwaka mzima wa kumnunia. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi.

Mke wako hatalia kwa sababu ni mdhaifu. Atalia, atafuta kamasi, ataanza kuuliza kadi ya kliniki iko wapi. Mpe nafasi hiyo.

Chuma_Cha_Pua – saa 4:58 usiku

Aisee.

Mzee_wa_Tunduma – Alhamisi, saa 3:40 usiku

Wakuu, mrejesho wa kwanza, bado si ule mnaousubiri.

Mimi ni Mhehe. Jirani yangu wa duka ni Mngoni, fundi wa matairi, mtani wangu wa miaka kumi. Jana asubuhi kaja kuazima spana, nikajikuta nimesema tu. "Mngoni, nina saratani ya tezi." Hata sijui ilitokaje, mdomo ulitangulia.

Akaniangalia. Akasema, "Basi mbwa wa Makambako leo watalala milango wazi."

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Nanyi mnaojua Wahehe tunavyotaniwa kuwa tunakula mbwa mmeelewa. Halafu hakusema kitu kingine. Akaenda akateremsha mlango wa banda lake, saa nne asubuhi, siku ya kazi, wateja wanaona. Akaja na tairi la Fuso akaliweka mlangoni kwangu, akakalia. Mpaka adhuhuri. Mteja akija anamwambia, "Leo tuna kikao." Alipoondoka akachukua spana na hajairudisha.

Usiku nililala mpaka saa kumi na moja. Mara ya kwanza.

Miaka_Saba_Sasa – saa 3:55 usiku

Hilo tairi ni ndugu wa benchi letu. Sasa mke, mzee. Asije akasikia kwa shangazi.

Mpemba_Halisi – saa 4:10 usiku

Watani wa bara mna mambo. Lakini Mngoni ametangulia kujua kabla ya mkeo, hilo usimwambie kamwe.

Mzee_wa_Tunduma – Jumapili, saa 2:25 usiku

Nimemwambia.

Ilikuwa jana baada ya magharibi. Anachagua maharage kwenye ungo, mimi nimekaa kwenye kigoda nimeshika bahasha, nimeitoa kwenye buti ina doa la grisi la jeki. Nikamwambia, mama Tumaini, siyo UTI. Nikaeleza yote, PSA, vinyama, 4+3, hata ile ya ufunguo wa gari.

Hakuinua uso. Akaendelea kuchagua maharage, punje kwa punje, mpaka ungo ukaisha. Nikasikia mawe yale madogo anavyoyatupa kwenye bati. Halafu akauliza, "Kwa hiyo hakuna mwanamke Tunduma?"

Wakuu, mimi nilikuja na majibu ya kifo. Hilo sikujiandaa nalo.

Kumbe mume akisema ana UTI, mke anaanza kuhesabu. Tangu wiki ya kwanza alikwenda duka la dawa akanunua vidonge, amemeza dozi nzima ya ugonjwa asio nao. Dada yake ameitwa kutoka Mafinga, wamekaa, wamepanga na kikao cha wazee cha Jumamosi ijayo, mimi ndiye ajenda. Utingo wangu wa zamani amepigiwa simu kuhojiwa, masikini, akaapa kwa watoto wake. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, akanipiga na ungo begani, mara mbili, ya pili iliuma. Akasema, "Wiki tatu nakuchukia bure." Kisha akalia vizuri sasa, nami nikalia, na sijaanza hata hiyo sindano ya homoni.

@MamaWawili_Moro, alifuta kamasi akauliza kadi ya kliniki iko wapi. Nilitetemeka.

Leo mchana tumewapigia watoto. Yeye ndiye aliyeongea, mimi nilishindwa kwenye wa kwanza tu. Mkubwa ana 39, amesema atapima. Wa pili amenyamaza sana kwenye simu, huyo ndiye mimi mtupu, nitamfuata mwenyewe. Wa tatu ameuliza kama ni kipimo cha kidole.

Kikao cha wazee kimefutwa. Shemeji hajafurahi, alikuwa ameshanunua nauli.

Picha ya mifupa ni Alhamisi, Dar. Kadi iko kwenye pochi ya mama Tumaini, bahasha ameihamishia kwenye begi la vitenge pamoja na daftari la maswali, nimefika 19. Nilitaka twende na gari letu. Amekataa, tunapanda basi la alfajiri, na ameshachagua viti, mimi dirishani. Miaka 31 nimeshusha mlima wa Kitonga na mzigo wa tani thelathini, sijawahi hata siku moja kuushuka nikiwa abiria.

KijanaWaMbagala – saa 2:29 usiku

Mzee funga mkanda.